Namna ya kubishana kuhusu GHz na wati, Intel na AMD, mpaka mtu apate mashine inayomfaa

Ukikaa saa moja kwa duka la laptopu za mtumba hapa Kampala, iwe Wandegeya ama zile plaza za Kampala Road, huu ubishi lazima utausikia. Watu wanabishania kampuni mbili za kutengeneza prosesa, ule ubongo wa kompyuta: mmoja anasema Intel ndo yenyewe, mwingine anasema AMD siku hizi imewaacha, afu muuzaji anaweka mashine mbili mezani anasema, "Bosi chukua hii, hii ni 2.4 GHz, hiyo ingine ni 1.6 peke yake," na mnunuzi anatoa pesa anaenda. Mara nyingi ile ya 1.6 ndo ingemfanyia kazi zaidi, na pesa yenyewe ilikuwa ya ada ama mtaji wa biashara. Kwa hiyo mimi naona huu ubishi unastahili kufanywa vizuri, na namba zinazoeleweka, mpaka anayesikiliza ajue anunue gani na kwa nini.

Anza na swali: GHz ya wapi?

Mtu akikutajia GHz, yaani prosesa inapiga mapigo bilioni ngapi kwa sekunde, usikubali wala usikatae, muulize kwanza ni gani. Prosesa za siku hizi zina namba mbili. Moja ni kasi ya msingi, ile kampuni inaahidi kwamba kori zote (sehemu za prosesa ambazo kila moja inaweza kufanya kazi yake peke yake) zitaishika muda mrefu zikiwa ndani ya wati zilizoandikwa. Ya pili ni turbo, ile inafikiwa kwa muda kama joto na umeme vinaruhusu, na mara nyingi ni kori moja ama mbili ndo zinafika huko juu kabisa. Kwenye Intel nyingi Windows inaandika ile ya msingi, lakini tangazo la duka linaandika ya turbo, kwa hiyo watu wawili wanaweza kubishana mpaka duka lifungwe kumbe kila mtu ameshika namba yake.

Tuchukue hizo laptopu mbili za pale juu, kwa sababu ni mashine za kweli na zimejaa mjini. Ya 2.4 ina prosesa ya Intel inayoitwa i5-6300U, unaikuta kwa EliteBook 840 G3 na za rika lake: kori 2, msingi 2.4, turbo 3.0. Ya 1.6 ina i5-8250U, ya Intel pia, iliyotoka 2017: kori 4, msingi 1.6, turbo 3.4. Zote ni za wati 15. Hiyo 1.6 inaonekana ndogo kwa sababu kori nne zinagawana wati zilezile ambazo kwanza zilikuwa za kori mbili, lazima kila moja ipunguze mwendo, lakini ukijumlisha kazi ya zote nne inapita mbali, na kazi ikiwa ya kori moja peke yake basi turbo yake bado iko juu ya mwenzake. Kori zenyewe ni za ukoo mmoja, kazi inayofanyika kwa kila pigo ni karibu sawa, kwa hiyo hapo huwezi hata kusema moja ina akili kuliko ingine. Sioni kazi ambayo ningemwambia mtu achukue ile ya 2.4, labda bei iwe imeshuka sana.

GHz 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde, basi, haisemi kila pigo limefanya nini. Boda inatoka Ntinda inafika mjini haraka na mtu mmoja nyuma, taksi inachelewa kwa jam lakini imeshusha watu 14, na ukitaka kujua nani amesafirisha watu wengi leo huwezi kuangalia spidi peke yake. Kasi ya kweli ni vitu vitatu vinazidishana: mapigo kwa sekunde, kazi inayoisha kwa kila pigo, na idadi ya kori ambazo programu yako inazitumia kweli. Hicho cha tatu watu wanakisahau kabisa. Kurenda vidio, yaani kuitoa faili ya mwisho baada ya kuihariri, inatumia kori zote utakazoipa, lakini fomula ya Excel iliyopangwa vibaya ama programu ya zamani ya uhasibu inaweza kukaa kwa kori moja asubuhi mpaka jioni wakati zile zingine zinaangalia tu.

Jua historia, itakuokoa na ushabiki

Ushabiki ndo unaharibu huu ubishi, na dawa yake ni kujua kwamba hizi kampuni zote mbili zimewahi kukimbiza GHz zikaungua, na zote zimewahi kurudi na GHz chache zikashinda.

Machi 2000 AMD na Intel walikuwa wanakimbizana kufika 1 GHz. AMD ikatangulia na Athlon tarehe 6, Intel ikafuata na Pentium III siku mbili baadaye. Novemba mwaka huohuo Intel ikatoa Pentium 4, na hii walikuwa wameichora makusudi iwe na mapigo mengi: kazi ilikatwa vipande vidogo vidogo, hatua 20 badala ya 10 za Pentium III, ili kila hatua iwe fupi na kloki, yaani mapigo kwa sekunde, iweze kupanda. Kupanda ikapanda, lakini kila pigo likawa linamaliza kazi kidogo, na prosesa ikikisia vibaya njia ambayo programu itafuata, basi kazi yote iliyokuwa kwenye zile hatua inatupwa inaanza upya. Pentium 4 za kwanza za 1.5 GHz kuna kazi zilishindwa na Pentium III ya 1 GHz, kampuni ileile.

AMD wakaona wananyimwa wateja kwa sababu ya namba ya kwenye boksi. Oktoba 2001 wakaanza kuuza Athlon XP kwa majina kama 1800+, na hiyo 1800+ ilikuwa inatembea 1.53 GHz. Rasmi walisema wanalinganisha na Athlon zao za zamani, lakini kila mtu dukani aliisoma kama "hii ni sawa na Pentium 4 ya 1.8," na kusema kweli haikuwa mbali. Hapo ndo mashabiki wa AMD walijifunza kusema GHz si kitu.

Intel ikaendelea. 2004 ikaleta toleo la Pentium 4 linaloitwa Prescott, hatua 31, moto mtupu, ikafika 3.8 GHz na zaidi ya wati 100, ikakwama. Walikuwa wameahidi 4 GHz, wakaifuta mwaka huohuo, na mkuu wa Intel wakati huo, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani mbele ya wateja kuomba radhi. Wakati huohuo kampuni ileile ilikuwa na Pentium M ya laptopu, iliyochorwa Haifa kule Israeli, GHz chache, wati chache, na inafanya kazi vizuri. Mawazo hayo ndo yalizaa Core 2 Duo ya 2006: E6600 ya 2.4 GHz na wati 65 ikazipita Pentium D za Intel wenyewe za zaidi ya 3 GHz zilizokuwa zinakula wati 95 mpaka 130.

Sasa wewe shabiki wa AMD usifurahi mapema. 2011 AMD wenyewe wakaingia njia ileile na mchoro walioita Bulldozer. FX-8150 ilikuja na 3.6, turbo 4.2, wati 125, na kwenye kazi ya kori moja ikaachwa na i5-2500K ya Intel, ya 3.3 na wati 95. 2013 wakatoa FX-9590 inayofika 5 GHz, na wati zake rasmi ni 220! Hiyo ni hadithi ya Prescott yenye nembo ingine, na yule AMD "anayechemka" ambaye mafundi wengi wanamzungumzia mpaka leo ni huyu wa miaka ile. Kisha Machi 2017 Ryzen ya AMD ikaja na mchoro mpya kabisa, Ryzen 7 1800X kori 8 kwa wati 95, na kuanzia hapo hesabu zikabadilika.

Intel kwa upande wake ilikaa kwenye utengenezaji wa nanomita 14 (namba ikiwa ndogo, transista, vile viswichi vidogo vya ndani ya chipu, ni ndogo zaidi) muda mrefu mno, kompyuta zake za mezani zilikuwa bado ziko hapo mpaka 2021, na kama huwezi kupunguza ukubwa wa transista njia iliyobaki ni kuongeza kloki na kori na wati. Apple wakaanza kuondoka kwa Intel Novemba 2020 na prosesa yao wenyewe, M1, 3.2 GHz peke yake, ndani ya MacBook Air isiyokuwa na feni, na ikawa inashindana na mashine za 5 GHz kwenye kazi ya kori moja. Hii ilinifurahisha sana, kwa sababu iliweka wazi mbele ya kila mtu kwamba kori pana inayomaliza maagizo mengi kwa pigo moja inaweza kutulia kwenye kloki ya chini na bado ikafika. Lakini ukiitumia kwa ubishi uwe mkweli, sehemu ya ushindi ule ilitoka kwa TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengenezea wengine chipu, na kiwanda chake cha nanomita 5 ambacho wakati ule Apple ndo walikuwa mbele kukitumia. AMD pia wanatengenezewa na TSMC. Kwa hiyo ukisema "mchoro wa AMD ni mzuri kuliko wa Intel" jiulize kama unapima mchoro ama unapima kiwanda, na usilinganishe chipu ya 2018 na ya 2022 ukaita hiyo haki.

Kwa nini wati zinakimbia kuliko GHz

Hapa ndo moyo wa ubishi wote, na ni hesabu ndogo ambayo mtoto wa sekondari anaiweza. Umeme unaoliwa na chipu ikifanya kazi unakwenda sambamba na kloki, lakini unakwenda pia na volteji mara volteji. Na kloki haipandi peke yake, ukitaka mapigo mengi lazima uongeze volteji ili transista ziwahi kubadilika kabla pigo lijalo halijafika.

Weka namba. Ongeza kloki asilimia 10 na volteji asilimia 10: 1.1 mara 1.1 mara 1.1 ni 1.33. Umepata kasi asilimia 10 kwa kulipa umeme asilimia 33. Geuza sasa, shusha vyote viwili viwe asilimia 80 ya mwanzo: 0.8 mara 0.8 mara 0.8 ni 0.51. Umepoteza mapigo asilimia 20 ukaokoa karibu nusu ya umeme. Kwa kweli volteji haishuki hivyo siku zote, na kuna umeme mwingine unaovuja tu hata chipu ikiwa imetulia, lakini mwelekeo ni huo, na ndo unaeleza mambo mengi ambayo watu wanaona kama siri: kwa nini laptopu ya wati 15 haishuki mpaka moja ya nane ya kasi ya kompyuta ya wati 125, iko karibu zaidi ya vile wati zinavyoonyesha, na kwa nini kori nyingi zinazotembea taratibu zinaishinda kori chache zinazokimbia kama programu inajua kugawa kazi.

Kwa hiyo mtu akikuambia "chipu hii haina ufanisi," mwambie ufanisi si tabia ya chipu peke yake, unategemea imesetiwa kwenye sehemu gani ya huo mlima. Ryzen 9 7950X ya 2022 inatoka kiwandani ikila mpaka wati 230 na kupanda nyuzi 95, ukiibana ishuke mpaka wati 105 inapoteza kasi kidogo sana kuliko vile ulitegemea. Intel vilevile. i9-13900K inafika 5.8 GHz, lakini zile GHz za mwisho mwisho ndo za bei mbaya kuliko zote. 14900KS ya 2024 ikasukumwa mpaka 6.2, na mwaka huohuo Intel ikakubali kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinaomba volteji ya juu kupita kiasi na zingine zinaharibika, ikatoa marekebisho ya programu na kuongeza waranti miaka 2. Hilo ukilisema liseme bila kelele, ni jambo la rekodi, na linahusu mashine za mezani za juu, halihusu hiyo ThinkPad ya mtumba unayoiangalia.

Afu kuna kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ryzen 7 5800X3D ya 2022 kloki yake iko chini ya 5800X ya kawaida, 4.5 dhidi ya 4.7, lakini imewekewa kashe ya megabaiti 96 badala ya 32, na kwenye gemu nyingi inaishinda. Prosesa inayongoja data kutoka RAM inapiga mapigo ya bure, umeme unaenda na kazi haiendi.

Usiamini wati za kwenye boksi

Zile wati za kwenye boksi zinaitwa TDP, na TDP ni namba ya kumsaidia anayechagua feni, si mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla. Intel 13900K imeandikwa wati 125, na mstari wa chini yake kampuni yenyewe inaandika 253 kama kilele, na bodi nyingi zilikuwa zinakuja zimeachiliwa zipite hata hapo. AMD ikiandika 105 kwa prosesa zake za mezani za aina ya AM4 inaruhusu mpaka 142, ikiandika 65 inaruhusu 88. Laptopu ya "wati 15" kwa sekunde za kwanza inaweza kuruka mpaka wati 30 ama 40 kulingana na vile mtengenezaji alivyoiseti, afu inarudi chini. Ndo maana benchimaki, yaani jaribio la kupima kasi, ya dakika moja inadanganya: unapima ule mruko, na wewe unaenda kurenda vidio ya kwanjula (sherehe ya utambulisho kwa Waganda) ya saa tatu. Prosesa moja ndani ya laptopu nyembamba na ndani ya nene yenye feni kubwa ni kama prosesa mbili.

Vile utapima mwenyewe

Tafuta kipima wati cha kuchomeka kwa soketi, maduka ya vifaa vya umeme yanavyo, si ghali ukilinganisha na laptopu. Hicho ndo shahidi wa kweli, kwa sababu kinapima kile utakacholipa, chaja na skrini na kila kitu. Programu kama HWiNFO kwenye Windows ama turbostat kwenye Linux zitakuambia wati za chipu, GHz na joto kwa kila kori, ni nzuri kuelewa kinachoendelea ndani, ila usilinganishe wati za programu za Intel na za AMD kama zimetoka kwa mzani mmoja.

Chagua kazi moja ambayo wewe kweli unaifanya. Kama ni vidio, chukua faili moja uiweke HandBrake (programu ya kubadilisha vidio) kwa mashine zote mbili na seti zilezile. Kama ni kuandika programu, kompaili mradi mmoja. Chaji betri ijae kwanza, maana ukipima huku inachaji unapima betri. Funga vingine vyote, subiri mashine ipoe, iendeshe, na iwe kazi ya dakika 20 ama zaidi. Andika vitu viwili: dakika na wati-saa, yaani wati mara saa ilizotumia.

Mfano wa hesabu. Mashine A inakula wati 90 na inamaliza kwa dakika 20: 90 mara theluthi ya saa ni wati-saa 30. Mashine B inakula 60 inamaliza kwa dakika 25: ni 25. A imeshinda kwa muda, B imeshinda kwa umeme, na wote waliokuwa wanabishana walikuwa na ukweli wa nusu nusu. Wakati mwingine utaona yenye wati nyingi inamaliza mapema mno mpaka jumla yake inakuwa ndogo, ndo maana namba ya wati peke yake haitoshi kumhukumu mtu.

Kisha pima ikiwa imetulia, desktopu imefunguka haifanyi kitu. Watu wanaruka hapa na ni kosa kubwa, kwa sababu kompyuta ya ofisi muda mwingi inangoja mtu abonyeze. Ryzen nyingi za mezani zilizojengwa kwa vipande kadhaa vya chipu zinakula zaidi zikiwa zimetulia kuliko Intel ya wakati wake, hata kama kwenye kazi nzito AMD inashinda ufanisi. Ryzen nyingi za laptopu ni kipande kimoja, hilo haliwahusu. Kwa hiyo mtu anayeandika barua ofisini na mtu anayerenda usiku kucha wanaweza kupewa jibu tofauti na wote wakawa wamepewa jibu sahihi.

Na hakikisha mashine ni sawa mahali pengine. Moja ina SSD ingine ina diski ya kuzunguka, hapo hujalinganisha prosesa. Moja ina RAM vipande viwili ingine kimoja, grafiki za ndani zitaonewa. Mtumba wenye vumbi na gundi ya joto iliyokauka unajipunguza kasi wenyewe ukifika nyuzi 95 ama zaidi, mwambie fundi aisafishe na kubadilisha hiyo gundi kabla hujasema "AMD ndo zinachemka" ama "Intel ndo zinachemka."

Ilete kwa Yaka na kwa sola

Wati hazimgusi mtu mpaka uzigeuze shilingi. Soma bei ya yuniti (wati-saa 1,000) kwenye risiti yako, mimi naweka 750 kwa mfano wa hesabu. Kafe ina kompyuta 10 za zamani za mezani, kila moja wati 150 bila skrini, saa 10 kwa siku: ni yuniti 15, shilingi 11,250 kila siku. Ukiweka zile kompyuta ndogo zenye chipu za laptopu, tuseme wati 25 kila moja, ni yuniti 2.5, shilingi 1,875. Tofauti ya mwezi mmoja unaiona mwenyewe, na huko ndo unatakiwa kumpeleka mwenye kafe aliye na i7 za Intel za kizazi cha kwanza anayekuuliza, "i7 si ni i7?"

Kwa aliye nje ya gridi ama mahali umeme unaenda unarudi, hesabu ni kali zaidi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri za asidi ukitaka zidumu unatumia nusu, 600, na inverta inakula yake, baki na 500 hivi. Mashine ya wati 150 inamaliza hiyo kwa saa 3 na kidogo. Ya wati 30 inaenda saa 16. Dada anayechapisha kazi za wanafunzi huko Arua akiwa na paneli moja juu ya bati, yeye hiyo 5 GHz ya turbo haitaki, anataka kazi iishe kabla betri haijaisha.

Majibu ya haraka kwa maneno utakayoyasikia dukani

"AMD haikai na chaji." Muulize kizazi gani. Ryzen 5 3500U ya laptopu, kori 4, kweli kwa chaji haikuwa na nguvu mbele ya Intel wa wakati wake. Kuanzia Ryzen 4000 ya 2020, nanomita 7, kwa mfano 4500U yenye kori 6 ndani ya wati 15, mambo yaligeuka, wakati i5-10210U ya Intel ilikuwa bado kori 4 na nanomita 14, hata kama turbo yake ni 4.2 na ya AMD ni 4.0.

"Hii ni Ryzen 7000, mpya kabisa." Hapa shika tarakimu ya tatu. 7520U ina 2, ni kori za Zen 2 (Zen ni jina la michoro ya AMD), mchoro wa 2019. 7530U ni Zen 3. 7540U ni Zen 4. Stika inafanana, mwaka wa kuuzwa unafanana, mashine ni tatu tofauti, na mimi hili naona AMD waliwakosea wanunuzi wa kawaida kabisa.

"Laptopu mpya ni bora kuliko mtumba." Celeron N4020 mpya kwenye boksi, kori 2, msingi 1.1, wati 6, haiwezi kushindana na 8250U iliyotumika miaka. Wati 6 ni nzuri kwa sola, hilo mpe haki yake, lakini kazi ikichukua mara tatu ya muda faida ya wati inapungua, na skrini imewaka muda wote huo.

"Ya kizazi cha 6 inatosha tu." Kwa Linux na kuandika, ndiyo. Lakini Windows 10 ilifungiwa msaada wa kawaida 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanza na Intel kizazi cha 8, kwa hiyo ile 6300U inabaki nje na 8250U iko ndani. Kwa mtu wa ofisi ama mwenye kuweka hesabu za SACCO hilo lina uzito kuliko GHz zote.

"Intel inakula umeme." Za mezani za K, ndiyo, zikiachiliwa. Herufi ya mwisho ndo inakuambia mengi: U ni ya wati chache, H ni ya nguvu, K ni ya mezani iliyofunguliwa. Kulinganisha Ryzen ya U na Intel ya H ukasema AMD inaokoa umeme, hapo umelinganisha herufi.

Ukiwa na mashine yako tayari, kuna jaribio moja zuri la kumaliza nalo ubishi papo hapo. Nenda kwa mipangilio ya umeme ya Windows ile ya ndani, tafuta kiwango cha juu cha prosesa, kitoe 100 ukiweke 99. Kwa mashine nyingi hiyo inazima turbo. Endesha ile kazi yako tena, andika dakika na wati-saa, weka pembeni mwa zile za kwanza, na uandike pia modeli kamili ya prosesa, RAM, joto la juu lililofikiwa na kama ilikuwa kwenye chaja ama betri, ili mwenzako mwenye mashine ingine aweze kurudia kitu kilekile. Siku za sola iache 99, umeme ukirudi na una vidio ya kukabidhi jioni irudishe 100.